Nimezikata barua zilizonikataa

Printa yangu ilikata roho kwenye barua ya 63. Wino mweusi uliisha kwanza, nikaendelea kwa bluu, bluu nayo ikafifia katikati ya sentensi, "tunasikitika kuku", ikaishia hapo. Mdogo wangu alikuwa ameketi sakafuni akizipanga karatasi kwa tarehe. Aliichukua ile ya mwisho, akaisoma kwa sauti, akaniangalia.

"Dada, kwani kuku kafanya nini?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka nikiwa na barua ya kukataliwa mkononi, na nilikuwa nazo 117.

Mimi huandika hadithi fupi na, nikizidiwa, mashairi. Kwa miaka 7 nimetuma kazi kwa majarida, mashindano, ruzuku na zile nafasi za kwenda kukaa mahali tulivu mwezi mzima ukiandika. Kazi zangu zilizochapishwa katika muda huo nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na gumba linabaki bila kazi. Zilizokataliwa ndizo zina folda yao. Folda hiyo niliipa jina "Baadaye", kama mtu anayeficha bili kwenye droo.

Niseme ukweli kuhusu nia yangu ya kwanza, maana watu wakiona picha zilizokamilika hudhani nilianza na wazo la sanaa. Nilitaka kuzichoma. Nilikuwa nimepata tatu ndani ya wiki moja, moja yao kutoka shindano nililokuwa nimeshajiambia, kimyakimya, kwamba ni langu. Nilitaka moto. Tatizo ni kwamba barua pepe haichomeki. Unaweza kuifuta, lakini kufuta hakuna joto wala harufu, tena siku 30 nzima bado iko kwenye pipa la taka inakusubiri ubadili nia. Ndipo nikaanza kuzichapa, moja moja, kwa wino wangu na karatasi zangu. (Siku hizi anayekukataa hata karatasi hagharamii.) Kama si yule kuku, zote zingeishia kuwa majivu jioni ile.

Badala yake tulizisambaza sakafuni. Ukisoma barua moja ya kukataliwa, unasoma habari zako. Ukisoma 63 kwa mpigo, unaanza kusoma habari za barua. Unaona sentensi ileile ikihama kutoka jarida hadi jarida, "idadi kubwa ya kazi zilizowasilishwa", utadhani wote wanaazima koti moja la kuendea msibani. Unaona kwamba "kwa bahati mbaya" hukaa karibu kila mara mwanzo wa aya ya pili. Unaona "haimaanishi kwamba kazi yako haina ubora", sentensi yenye kukanusha mara mbili na kuacha shaka palepale ilipokuwa. Nilianza kupigia mistari kwa penseli. Kufika usiku penseli haikutosha, nikachukua mkasi.

Hapo ndipo lugha yenyewe iliponichokoza. Kata, kataa. Tofauti ni herufi moja. Aliyenikataa aliongeza "a" moja tu, nami nilikuwa nairudisha.

Barua 54 zilizobaki nilizichapa mahali pengine, kwenye mashine ya leza. Nalitaja hili kwa sababu lilikuja kuwa na maana kubwa kuliko nilivyodhani. Wino wa printa yangu ya nyumbani ni maji na rangi. Ukipaka gundi yenye majimaji juu yake, herufi zinavuja na neno linakuwa wingu la kijivu. Leza haitumii wino wa maji. Inatumia unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto mpaka ushikane na karatasi, ndiyo maana herufi zake hazitishwi na maji. Kwa hiyo nilikuwa na mafungu mawili: barua zinazolia na barua zisizolia. Sikuyapanga hayo, ni mashine tu. Lakini ukizitazama picha utaona upande wa kushoto maneno yana ukungu na upande wa kulia yamekauka, na wageni hunisifu kwa "matumizi ya hisia". Nashukuru, naendelea na chai. Na kwa anayetaka kujaribu: weka gundi kidogo, ipake nyuma ya kipande na si kwenye karatasi ya chini, kisha weka kitu kizito juu hadi kesho yake. Picha zangu 4 za mwanzo zilijikunja kama majani makavu kwa sababu nilikuwa na haraka.

Sasa, kukata maneno ni rahisi. Kuyapanga ndiyo kazi. Mwaka 1920 Tristan Tzara, mshairi wa Dada (kundi la wasanii wa Ulaya lililojiita hivyo, si dada wa kuzaliwa), alitoa maelekezo ya kutunga shairi: chukua gazeti na mkasi, kata maneno ya makala moja, yatie mfukoni, tikisa taratibu, toa moja baada ya jingine, yanakili kama yalivyotoka. Nilijaribu. Nilitikisa mfuko taratibu kama alivyoagiza. Nikapata hiki:

*zako halikufanikiwa wengi ya yaliyopokelewa kila tunakutakia*

Labda katika lugha yake inafaa. Katika Kiswahili, neno ukilikata haliji peke yake, linakuja na kipande cha lile lililokuwa linaambatana nalo. "Zako" bado inazitafuta kazi. "Ya" imeshika mkono ambao haupo. Niliumwaga mfuko wote mezani nikaanza kupanga maneno kwa viambishi vyake badala ya maana, kama mtu anayepanga vifungo kwa matundu, na ndipo nikaona kitu ambacho kwa miaka 7 ya kuzisoma sikuwa nimekiona.

Karibu kila kitu katika barua ya kukataliwa ni cha "li". Ombi lako. Andiko lako. Jopo letu. Jarida letu. Shindano hili. Toleo lijalo. Jina lako, ambalo wakati mwingine walilikosea. Kwa hiyo vitenzi vyote vimevaa sare hiyohiyo: lilipokelewa, lilisomwa, lilijadiliwa, halikufanikiwa, halikuchaguliwa, linakaribishwa. Nilikuwa na rundo la vitenzi vya "li" lisiloisha, vyote yatima, vinasubiri nomino yoyote ya ngeli yao ije iviongoze.

Nikajiuliza: ukiacha maombi na majopo, nini kingine duniani ni cha "li"?

Nilikuwa nimejiwekea sheria moja, nisitumie hata herufi moja ambayo haikutoka kwenye barua. Hiyo ikaniingiza katika uchimbaji. "Tungependa kujua zaidi kuhusu uzoefu wako": ukiondoa "ku", unabaki na jua. "Kama tulivyoagiza katika masharti": ndani ya "agiza" kumelala giza. "Andiko lako limekosa nafasi": kosa. "Idadi ya maneno": neno. Ilikuwa kama kupekua mifuko ya koti kuukuu. Usiku huo nilibandika shairi la kwanza, na mpaka leo ndilo ninalolipenda kuliko mengine:

*jua lilipokelewa*
*jua lilijadiliwa kwa kina*
*kwa bahati mbaya*
*jua halikufanikiwa*
*kuingia hatua ya mwisho*
*jua linakaribishwa*
*kujaribu tena*

La pili lilikuwa fupi zaidi:

*giza*
*limechaguliwa*
*kutokana na ubora wake*

Sijui kama ni mashairi mazuri. Najua kwamba maneno haya yalinilaza macho mara nyingi, na jua lilipoyavaa yalionekana yalivyo, nguo ya kuazima isiyomtosha mtu yeyote.

Baada ya hapo nilimfikiria sana Kurt Schwitters. Huyu alikuwa Mjerumani wa Hannover, aliyetengeneza picha kwa tiketi za tramu, vifungashio, vipande vya mbao na vitu vingine ambavyo watu walivitupa njiani. Kundi la Dada la Berlin lilikuwa limechangamka wakati huo, na Richard Huelsenbeck, mmoja wa vigogo wake, hakumtaka. Walimwona wa kawaida mno. Mwaka 1919, katika picha mojawapo, Schwitters alikuwa amebandika kipande cha tangazo la benki, Kommerz- und Privatbank, na baada ya kukatwa ilikuwa imebaki silabi moja inayosomeka: MERZ. Haina maana yoyote. Aliichukua akaifanya jina la kazi zake zote, picha zake, jarida lake, hata nyumba yake aliyoijaza miundo ya ajabu ndani. Hakusubiri wale wa Berlin wampe jina. Jina alilikata kwenye karatasi ya benki. Nilipenda hasa kwamba ni silabi, maana nami wakati huo nilikuwa siishi tena kwa maneno, nilikuwa naishi kwa silabi. Meza yangu ilikuwa na vikombe vilivyoandikwa "ka", "li", "tu", "ha".

Kulikuwa na jambo lililonisumbua ambalo mkasi haukuweza kulifikia. Si wote walionikataa walioniandikia. Nilipopitia daftari langu la kazi nilizotuma, nilipata 31 ambazo hazikujibiwa kabisa. Huwezi kukata kimya. Na mtu yeyote aliyewahi kutuma kitu akasubiri anajua kwamba kimya ndicho kinachochosha kuliko yote, kwa sababu hakina tarehe. Barua inakuumiza Jumanne, Ijumaa unatembea. Kimya unakigundua miezi 8 baadaye, ukikumbuka ghafla ukiwa unapiga mswaki.

Jibu lilikuwa limejaa sakafuni: pembezoni, nafasi tupu, vichwa vya barua, anwani, kila kilichobaki baada ya kukata maneno. Nilijifunza kutengeneza karatasi. Unachana mabaki vipande vidogo, unayaloweka kwa maji usiku kucha, unayasaga na maji mengi hadi yawe rojo jepesi, unalimimina kwenye beseni pana. Unahitaji fremu mbili za mbao zinazolingana, moja imekazwa wavu kama ule wa dirishani, nyingine iko wazi, nayo inakaa juu kushika kingo. Unazizamisha wima, unazilaza chini ya maji, unaziinua zikiwa sawa, na hapo kuna sekunde chache za kuzitikisa mbele nyuma, kushoto kulia, ili nyuzi zishikane kabla maji hayajachujika. Ukichelewa, nyuzi zimeshalala zilivyotaka. Kisha unapindulia juu ya kitambaa, unafunika kingine, unakamua kwa uzito, unaanika.

Karatasi zilizotokana na barua za printa yangu zilitoka na rangi ya kijivu inayoelekea bluu, kwa kuwa wino wote uliyeyukia majini. Zile za leza zilibaki nyeupe zenye madoa meusi madogo sana, vipande vya plastiki ya herufi vilivyokataa kuyeyuka. Ukisogeza jicho karibu unaweza kubahatisha nusu ya "s". Nilitengeneza karatasi 31 na sikuandika chochote juu yake. Nyuma, pembeni, kwa penseli, niliweka tarehe niliyotuma. Hizi ndizo watu husimama mbele yake muda mrefu zaidi, nami huwaacha.

Naomba nipumue hapa nizungumzie faraja, maana nimepewa nyingi. Ukiwaambia watu umekataliwa mara 117, mtu atakutajia mashuhuri aliyekataliwa kabla hajawa mashuhuri. Wanamaanisha mema. Lakini hesabu yake haikai sawa: wengi sana waliokataliwa walikataliwa tu, basi. Paris mwaka 1863, jopo la maonyesho makubwa ya sanaa ya serikali lilitupa nje zaidi ya nusu ya kazi zilizoletwa. Kelele zikawa nyingi, Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, akaamuru zilizokataliwa zionyeshwe kwenye sehemu nyingine ya jengo lilelile, umma uhukumu. Watu walikuja kwa maelfu, wengi wao kucheka. Humo walikuwamo Manet, Whistler, Pissarro na Cézanne, wachoraji ambao leo ni mashuhuri, na kisa hiki husimuliwa siku zote kama ushindi wao. Mimi huwafikiria wengine. Wapo waliotangulia kwenda kuchukua picha zao kabla milango haijafunguliwa, kwa kuona haya au kwa kuogopa jopo la mwaka ujao. Kazi iliyokataliwa ilikuwa ikipigwa muhuri wa herufi R nyuma yake. Hebu mfikirie mtu anaibeba picha yake barabarani, upande wa muhuri ameugeuzia kifuani. Na hata ndani ya ukumbi ule, picha nyingi zilikuwa mbaya kweli. Kukataliwa hakukupi cheti cha kipaji. Baadhi ya hadithi zangu zilistahili kukataliwa, na mbili zilistahili kukataliwa mapema zaidi.

Kosa langu kubwa katika mradi huu lilikuja baadaye kidogo. Nilianza kuwa na njaa ya barua. Nilikuwa nimebandika picha 19, nimekwama kwenye ya 20, kwa sababu nilihitaji nafsi ya kwanza umoja na sikuwa nayo. Hakuna "mimi" katika barua hizi. Ni "tu" tupu: tunasikitika, tulipokea, hatukuweza, tunakutakia. Au kazi inajikataa yenyewe kwa kutendwa: haikuchaguliwa, halikufanikiwa, na nani, haijulikani. Nilihitaji "nilisoma". Nikaanza kutuma. Nilituma hadithi isiyoiva kwa jarida lenye mhariri mmoja, nikitumaini kwamba mtu aliye peke yake ataandika kama mtu aliye peke yake. Nilituma nyingine hata sijaihariri. Mdogo wangu alinikuta nikifanya hivyo saa 5 usiku.

"Dada, unatuma hadithi au unaagiza karatasi?"

Nilinuna, kisha nikafunga kompyuta. Yule mhariri ana macho mawili na siku yenye saa zilezile. Kumfanya asome kitu ambacho mwenyewe sikukithamini, ili tu anipe silabi, ni ubaya, na ni ubaya uleule niliokuwa nawatuhumu wao. Nilizifuta zile ambazo hazijaenda. Mbili zilikuwa zimeshaondoka.

Picha ya 20 ikawa nyingine kabisa. Nilitaka neno moja tu, kubwa, katikati ya karatasi: HAPANA. Nilidhani ningekuwa nalo la kuchagua. Nilipekua barua zote, kisha nikazipekua tena nikiwa na mdogo wangu. Halimo. Barua 117 za kuniambia hapana, na hakuna hata moja iliyosema hapana. Zinasikitika, zinashukuru, zinatia moyo, zinatakia kila la heri. Neno lenyewe wote wamelizunguka kama shimo njiani.

Basi tulilijenga. Nilikata "ha" kwenye "hatukuweza", "pa" kwenye "pamoja na kwamba", "na" kwenye "na". Ukubwa wa herufi ulitofautiana, mstari ukapinda, nikaubandua, nikaanza upya. Nilikuwa nusu saa nzima nikihangaika na "pa" mdogo wangu aliponisogezea kipande cha karatasi bila kusema neno. Chini ya barua nyingi, baada ya kukataliwa, huwa kuna mwaliko wa kupokea taarifa zao: bonyeza hapa. Alikuwa ameikata "hapa". Ilibaki kuongeza "na". Zilikuwepo "hapa" kadhaa, za bluu, zimepigiwa mstari chini kama viungo vyote vya intaneti. Picha ile sasa ina HAPANA 12, kila moja theluthi mbili yake ni bluu na imepigiwa mstari, ikikuomba uibonyeze.

Picha zote nimezitundika kwenye ukuta mmoja wa chumba changu, kwa klipu za chuma. Niliwahi kuuomba ukumbi fulani nafasi ya kuzionyesha. Mnajua walichojibu, na ndiyo, nimeshaikata.

Barua zinaendelea kuja na zinaendelea kuuma. Kilichobadilika ni kwamba sekunde chache za mwanzo jicho linakimbilia viambishi kabla halijafika kwenye habari yenyewe.

Mwezi uliopita alinijibu yule mhariri wa jarida lenye mtu mmoja. Ile hadithi isiyoiva. Barua ilikuwa na mistari 5. Aliandika kwamba ameisoma mara mbili, kwamba amependa pale bibi anapofunga mlango kwa mguu, na kwamba mwisho haujafika bado, mimi nimeuacha njiani. Aliandika "nimesoma". Aliandika "sikuweza". Aliandika "naomba". Kila nilichokuwa nakitafuta kwa ajili ya picha kilikuwa pale, nafsi ya kwanza umoja, safi, ya kutosha picha mbili.

Niliichapa. Nikaiweka mezani, nikachukua mkasi, nikaurudisha. Nikachapa nakala ya pili ili nikate hiyo. Hiyo pia iko nzima. Zote mbili ziko kwenye droo, na hadithi ile nimeifungua tena. Mwisho wake nimeuandika upya mara nne sasa. Bibi ameshafika uani, amesimama, na sijui anamsubiri nani.